Miaka Niliyochunga Sheria

Anayedhani bata bukini ni bata wa kawaida aliyekula vizuri, huyo hajawahi kung'atwa naye. Bata wetu wa uani, yule anayetembea kama mama mwenye mimba ya miezi tisa, ukimkanyaga ni yeye anayekupisha. Bata bukini hapishi mtu. Anashusha shingo mpaka chini, anapuliza kama nyoka, anakuja mbio, anabana nyama ya paja kwa ule mdomo wake wenye vijino, halafu anazungusha. Huko kuzungusha ndiko kunakouma. Kovu ninalo mpaka leo, mguu wa kushoto, na wajukuu wangu wanadhani ni la vita. Nimewaacha wadhani hivyo.

Mwislamu mmoja mwenye mashua alinieleza miaka mingi baadaye kwamba Bukini ni kisiwa kikubwa mbali huko baharini, na kwamba watu wa pwani walimpa bata huyu jina la kule. Labda. Hawa wangu walitoka Ubelgiji ndani ya sanduku, na pale Baraka hakuna aliyewaita bukini. Tuliwaita Sheria.

Nitaeleza, lakini kwanza nieleze pamba.

Nilizaliwa mlimani, upande wa Fizi, na miaka ile ya hamsini kila mwanaume wa kwetu mwenye mikono miwili alikuwa na shamba la pamba. Hukuulizwa kama unaipenda. Kapita, msimamizi wa pamba, alikuja na kamba, akapima, akasema hapa ni pako, na ukichelewa kupalilia ulilala gerezani. Pamba huwezi kuila, huwezi kuipikia mtoto, na ukishaivuna mgongo wako unabaki umepinda kama mundu. Mtu mmoja tu alisamehewa: aliyekuwa na kazi kwa mzungu. Aliyefagia kwa mzungu hakulima pamba. Aliyemfulia mzungu soksi hakulima pamba. Mimi nilisoma miaka miwili tu, nikatoka najua kuandika jina langu na kuhesabu vidole vya watu wawili, kwa hiyo ukalani sikuuota. Lakini nilijiambia, hata kama ni kumkuna mzungu mgongo, pamba sirudii. Nikashuka Baraka kwa miguu, nikiwa na blanketi moja na kiburi cha watu kumi.

Baraka wakati huo alikuwepo bwana wa kilimo, Mbelgiji mwembamba mwenye soksi ndefu, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa pamba yote kuanzia ziwani mpaka Fizi. Ucheke: nilikimbia pamba nikaenda kujificha nyumbani kwa mwenye pamba. Panya mwenye akili analala ghalani.

Siku niliyofika ndiyo siku sanduku lilipofika. Lilitoka Kalemie kwa mashua, sanduku kubwa la mbao lenye nafasi kati ya ubao na ubao, na ndani yake kitu kinapuliza. Kuku wa bwana walikuwa wanaibwa kila juma, naye alisema kwao kuna ndege anayelinda nyumba kuliko mbwa, tena ana mafuta mazuri ya kupikia. Akaagiza sita. Akawaita watu wote mbele ya biro, ofisi yake, ili wawaone na waogope mapema.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika. Kwa kinywa cha Mbelgiji, bata bukini mmoja anaitwa *lwa*. Na sheria, ile ya serikali, ile ya kukufunga, nayo ni *lwa*. Mimi nilikuja kujua hivyo baadaye sana. Kalani wa biro, kijana wa shule aliyechomeka kalamu kwenye nywele, yeye siku ile alijua *lwa* moja tu, ile ya biro, kwa sababu kule alikosomea hakuna aliyemfundisha jina la bata. Bwana akanyosha kidole kwenye sanduku, akasema maneno yake, *lwa* hivi, *lwa* vile. Kalani akakohoa, akageukia watu.

«Bwana anasema iko sheria mupya,» akatafsiri. «Inatoka Ulaya, imekuja na mashua. Mutu asiiguse, asiipige, asiikule. Ikipita mu njia, munaipisha.»

Watu wakaangalia sanduku. Sanduku likapuliza.

Bibi kizee mmoja muuza dagaa akasema taratibu, kama anayezungumza na kapu lake: «Sheria tumeona mingi. Ile ya kupuliza, hii ni ya kwanza.»

Kisha ubao ukafunguliwa, wakatoka ndege sita wa kijivu, wanene, wamekasirika, mmoja nyuma ya mwingine. Kalani aliona kosa lake palepale. Nilimwona jasho likimtoka. Lakini kalani wa serikali harudi nyuma. Akirudi nyuma mara moja watu wataanza kumuuliza na mambo mengine. Akafunga mdomo, na jina likabaki. Tangu siku ile Baraka nzima ilisema hivyo. Sheria imeingia mu mihogo yangu. Sheria imekunya mulangoni. Mwalimu wa msikiti alilalamika kwamba Sheria inakunywa maji ya udhu, na hakuna aliyethubutu kuifukuza. Na wanawake wakisikia vile vilio asubuhi walisema, sheria imeamuka, leo atafungwa nani?

Bwana naye alikuwa anajifunza Kiswahili chetu kwa bidii, na ninamheshimu kwa hilo. Siku moja akamuuliza mpishi wake, Mwislamu wa ziwani, mtu mzima mwenye heshima zake, akimwonyesha ndege: hii munaita je? Mpishi aliniapia baadaye kwamba hakuwa na nia mbaya. Aliulizwa jina, akatoa jina. «Sheria, Bwana,» akasema. Bwana akaliandika kwenye kidaftari chake.

Basi ikawa hivyo. Siku ya kununua pamba, watu wameshuka kutoka Fizi yote na mizigo kichwani, bwana akapanda juu ya meza akiwa amefura, kwa sababu mtu alikuwa amempiga ndege wake jiwe. Alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kalani: «Nani napiga sheria yangu? Mimi nalisha sheria kila siku. Sheria yangu iko na mafuta kupita ninyi wote. Siku ya Noeli mimi nachinja sheria, nakula na bibi yangu.» Mzee mmoja wa mlimani, ambaye hakujua habari ya ndege hata kidogo, alitikisa kichwa na kusema: leo muzungu amesema ukweli. Wengine walijiziba midomo kwa pamba yao wenyewe.

Nani angemwambia? Kalani angejifunga mwenyewe. Mpishi vilevile. Na sisi wengine tulikuwa na furaha chache mno mwaka ule kuzitupa hovyo.

Kazi ya kuwachunga ilikuwa haina mtu. Walioitaka mwanzoni waliona jinsi dume lilivyomshusha polisi juu ya baiskeli, wakakumbuka wana mashamba. Mimi nikajitokeza. Bwana akanieleza kwa vidole na maneno. Sheria sita. Asubuhi majani, jioni mahindi kidogo. Kuna beseni la saruji nyuma ya nyumba. Nilijaze maji kila siku, maana ndege hawa wasipooga manyoya yanaharibika. Ziwani wasifike, kuna mamba. Halafu akasema neno ambalo sikuhitaji tafsiri: «Moja nakufa, wewe narudi ku pamba.»

Nikaanza. Na ninasema bila aibu kwamba hakuna mtu Kongo hii aliyewajua ndege wale kama mimi. Nilijua kwamba dume mkubwa akishakupiga mara moja na wewe ukasimama bila kukimbia, anakuhesabu kuwa ni bata mwenzake. Nilijua kwamba jike akitaka kutaga anabeba nyasi mdomoni siku tatu kabla. Nilijua kwamba wanakula majani kama mbuzi, na wanakunya kama ng'ombe, na kwamba kati ya kula na kunya hakuna muda wa kusema Bismillahi. Tena bata bukini hasahau. Kalani aliwatupia kijiti mara moja tu, na mwaka mzima alizunguka nyuma ya biro kwenda kunywa maji.

Tatizo lilikuwa beseni. Kulijaza kulitaka ndoo ishirini kutoka ziwani, na ndege sita waliliharibu kabla sijakaa kupumua. Nikafikiri. Sikusoma, lakini nafikiri. Mtu anabeba ziwa kulipelekea bata, wakati bata wana miguu? Bwana alikwenda kwa safari ndefu kule juu Minembwe, kuangalia mashamba ya wafugaji na kunywa maziwa yao, akasema atarudi mwezi ukiisha. Siku ya pili tu niliwapanga mstari nikawapeleka ziwani, karibu na pale mto Mutambala unapoingia. Watu walisimama kuangalia Sheria ikishuka kuoga. Nilitembea mbele kama sultani.

Wallahi walifurahi. Bata bukini wa beseni na bata bukini wa ziwa ni ndege wawili. Walipiga maji, walizama vichwa, walipiga kelele mpaka ng'ambo ya matete ikaitika. Kwa maana pale kwenye matete walikuwepo wenyeji, bata wa porini wa kwetu.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alivua samaki na kutega ndege pande zile maisha yake yote, na ndiye aliyenifundisha kuwatofautisha. Kuna mkubwa mweusi, mwenye mwiba kwenye bega la bawa, mwiba kama wa mdimu; huyo akikupiga bawa anakuchoma. Mjomba hakumla huyo kila mahali; alisema penye wadudu fulani nyama yake inamtapisha mtu, kwa sababu ndege anakula sumu yao na haimfanyi kitu. Kuna mdogo wa kijani na mweupe, anakaa juu ya majani ya yungiyungi, mzuri kama bibi harusi na hana nyama hata ya kumshibisha paka. Na kuna wa kahawia, mwenye duara jeusi jeusi jichoni kama mtu aliyepigwa ngumi kwenye kilabu. Huyo wa kahawia anatembea na mke wake mmoja mpaka kifo, jambo ambalo mjomba, mwenye wake watatu, alilitaja kwa huruma. Jike ndilo linalopiga kelele. Dume sauti hana, anapumua tu kama tairi inayotoboka. Mjomba alisema hiyo nayo ni kawaida.

Hawa wetu hawahami kama watu wa safari ndefu. Wanafuata maji. Mto ukifurika wanaenda nyasi za juu, maji yakipungua wanarudi kwenye mchanga, mpunga ukiiva wanajua kabla ya mwenye shamba. Wengine wanavuka ziwa, wanakwenda ng'ambo, wanarudi bila kuonyesha karatasi kwa mtu. Wageni wa kweli, wanaotoka Ulaya mvua zinapoanza, ni bata wadogo na korongo weupe. Bwana wa kilimo alisimama uani miezi ile akiangalia juu, mikono kiunoni. Alimwambia mpishi kwamba kwao wakati huu bata bukini wa porini wanapita angani kwa mstari, wanalia, na mtu akiwasikia anajua baridi imefika. Hapa aliangalia mpaka shingo ikamuuma. Hawafiki kwetu. Wanaishia njiani huko. Bata bukini wa Ulaya hafiki Kongo mpaka umweke kwenye sanduku, na mara nyingine niliona bwana mwenyewe alifika hivyohivyo.

Siku ya tano mamba alimchukua wa mwisho kwenye mstari. Mchana kweupe. Sikuona hata mdomo. Walikuwa sita wanaelea, maji yakafunguka kidogo, wakawa watano, na unyoya mmoja ukazunguka juu ya maji. Wale watano walitoka mbio wakaja kusimama nyuma yangu, nyuma yangu mimi, kama vile ningeweza kufanya kitu.

Nilikaa kwenye mchanga. Sikumlilia ndege, nisiseme uongo. Niliiona kamba ya kapita. Niliona mistari ya pamba kule mlimani, na mimi katikati nimeinama, na wale niliowaaga kwa majivuno wamesimama pembeni wanasalimia.

Nikaenda kwa mjomba. Alisikiliza akiwa anatengeneza wavu, akacheka mpaka akautoboa.

«Mamba amekula sheria,» akasema. «Hata sultani hakuweza.»

«Mujomba, minarudishwa ku pamba.»

Hapo akaacha kucheka, kwa sababu pamba yeye pia aliijua. Nilimwambia nataka mayai ya yule wa kahawia, niyaangulie chini ya kuku. Alikataa kabisa. Yule wa kahawia, akasema, hajengi. Anamnyang'anya nyumba ndege mwenye kichwa kama nyundo, na kiota cha yule mwenye nyundo hakiguswi. Mtu akikigusa, ngozi inatoka magamba na nyumba inapigwa na radi. Hata pamba ni afadhali. Halafu kuku wako atakaa siku ngapi, na mzungu wako anarudi lini? Ulisoma miaka miwili yote, hukufundishwa hesabu ya kutoa?

Lakini aliniambia jambo ambalo hakuna shule inayolifundisha. Wakishalea watoto wao, wale wa kahawia wanamwaga manyoya ya mabawa yote kwa mara moja. Mwezi mzima hawaruki. Wanajificha kwenye matete kama waume waliofukuzwa nyumbani, wanangoja kuota upya. Na wakati huo ulikuwa umefika.

Tuliingia na mtumbwi asubuhi, mjomba anasukuma, mimi mbele na kikapu. Ni aibu kumkamata ndege mwenye mabawa asiye na mabawa. Anakimbia juu ya maji, anapiga vile visiki vyake, anashangaa mwenyewe kwa nini hapandi. Mjomba alisema, chukua dume, dume halisemi. Nikachukua dume. Alinipasua mkono wote wa kulia, na sikujali, nilikuwa napigania mgongo wangu.

Wale watano walimpiga siku mbili. Siku ya tatu jike mmoja aliyebaki bila mwenzake alikwenda kulala karibu naye, na dume mkubwa akaacha. Walikuwa wa kijivu, huyu wa kahawia. Walikuwa wanene, huyu nusu yao. Jichoni amepigwa ngumi, miguu ya rangi ya nyama mbichi, manyoya yamechakaa. Nilihesabu kutoka mlangoni: sita. Ukiwa mbali na ukiwa na haja, walikuwa sita.

Bwana alirudi amechomwa na jua la milimani, pua inamenyeka. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Akasimama. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

«Hii sheria iko nini?» akauliza.

Nikasema iko mgonjwa. Ilipata homa, nikasema, ikakonda, rangi ikabadilika, ikanyonyoka. Nilisema hayo nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

Nilingoja anitukane. Badala yake alichuchumaa, taratibu, akamwangalia yule ndege kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Kisha akajishika shavu lake lililoungua, akakunja mkono wa shati, akanionyesha mkono wake mwembamba. «Kongo,» akasema. «Na mimi pia.» Alifika huku mnene, akaeleza, mweupe, mwenye nywele. Joto lilimla. Sasa linamla na ndege wake.

Akaagiza apewe kinini. Kila asubuhi mpishi alisaga kidonge ndani ya uji wa mahindi, na mimi nilimfungua mdomo yule mwana wa matete, aliyezaliwa hapahapa, ambaye hakupata homa maishani mwake. Bwana alikuja jioni kumuuliza hali. Alimsemesha Kifaransa. Nilianza kumwonea huruma, na huruma ni ugonjwa mbaya kwa mtu mwongo. Maana nilikuwa naona kitu asichokiona yeye: chini ya bawa, manyoya mapya yanachomoza, membamba, ya bluu, kama mimea ya kitunguu. Kila siku kidogo. Nilitaka kuyakata. Nilichukua kisu mara mbili. Mara zote mbili yule ndege alisimama kimya, akaniangalia kwa jicho lile lililopigwa, nami nikakumbuka visiki vyake vikipiga maji. Nikarudisha kisu. Nikajiambia kuna siku nyingi bado. Mkulima wa pamba naye anasema hivyo, mpaka kapita afike.

Akafika mkubwa wa bwana. Alitoka Bukavu kuangalia pamba, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekaa Kongo kabla sijazaliwa, na Kiswahili chetu alikisema chote, pamoja na matusi. Watu waliitwa, wakapangwa uani. Bwana wangu, kwa kutaka kumwonyesha mkubwa wake kwamba naye amejifunza, akakataa kalani na kusema mwenyewe. Alisema ya pamba, yakapita. Halafu akamleta mgeni kwenye beseni, na watu wote nyuma yao.

«Hii yote iko sheria yangu,» akasema kwa sauti. «Sheria tano iko nguvu. Sheria hii ya sita iko mugonjwa, Kongo naharibu yeye. Lakini mimi nampa dawa, na yeye napona.»

Mzee wa ndevu aligeuza kichwa polepole. Aliangalia ndege. Akaangalia watu. Nyuso zote zilikuwa ngumu kama mbao, na bibi muuza dagaa alikuwa ameng'ata kitambaa chake.

Ndipo yule mgonjwa akasimama wima, akanyosha shingo, akafungua mabawa. Ndani yalikuwa meupe, meupe kabisa. Sikuwahi kuyaona yamefunguka. Alipiga hatua tatu juu ya saruji na kupanda. Alipita juu ya kofia ya bwana, juu ya bati la biro, akaelekea Mutambala bila kugeuka. Jike aliyelala naye alimkimbilia mpaka kwenye ukuta, akapiga mabawa yake mazito, akaanguka kwa kifua. Aliita mara moja. Ni yeye peke yake aliyesema kitu pale uani.

Bwana alibaki ameangalia juu, mdomo wazi. «Sheria imeruka,» akasema, si kwa mtu yeyote.

Mzee wa ndevu akanigeukia mimi, kwa sababu ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

«We kijana. Uko nachunga nini hapa?»

Hapo ndipo nilipojua kuogopa. Nikisema bata, nimemvua bwana wangu nguo mbele ya Baraka nzima, na jioni niko njiani kwenda Fizi. Nikisema sheria, huyu mzee anajua maana yake, atasema ninawacheka Wabelgiji, na hapo hata pamba nitaililia. Nilitafuta neno kichwani mwangu, na kichwani mwangu hamkuwa na maneno mengi ya Kifaransa. Lilikuwamo moja, lile ambalo bwana alilisema kila jioni akichuchumaa mbele ya mgonjwa wake wa kinini.

«Lwa, Bwana Mukubwa.»

Aliinua nyusi. «Lwa gani? Ya kitabu ao ya manyoya?»

«Ile ya Bwana,» nikasema.

Mzee alicheka. Alianza tumboni, akashika ukingo wa beseni, ndevu zikatikisika, akalia machozi. Mkubwa akicheka, watu wamepewa ruhusa. Baraka ilicheka kicheko cha miezi yote ilichokuwa imekifungia. Bwana wangu naye akatabasamu kidogo, akidhani tunamcheka ndege.

Mezani bwana wangu alielezwa. Mpishi alikuwepo, anashika sahani. Alisema mzee alieleza polepole, bila ubaya, na bwana alisukuma chakula chake, akaenda kukaa barazani na kidaftari, akatafuta ukurasa, akaangalia neno moja muda mrefu.

Asubuhi alikuja kwenye beseni. Blanketi langu nilikuwa nimeshalikunja. Hakuniangalia, aliangalia ziwa.

«Bata iko ngapi?» akauliza. Alisema bata. Ilikuwa mara ya kwanza.

«Tano, Bwana.»

«Ile ya sita iliruka.»

«Iliruka.»

«Bata ya Ulaya hairuke.»

Jike lilikuwa limekaa kwenye ukuta palepale lilipoanguka jana, halitaki kushuka. Bwana akalikaribia, nalo halikumpuliza. Wakakaa hivyo, wageni wawili, wanaangalia matete.

Halafu akapiga beseni kwa kiatu chake. Lilitoa sauti ya kitu kikavu. Tangu arudi kutoka Minembwe macho yake yalikuwa kwa mgonjwa tu, ndani ya beseni hakuchungulia, na mimi niliwanywesha kwa ndoo, sikulijaza.

«Maji hapana,» akasema. «Kamata ndoo.»

Nikakamata ndoo. Ishirini, siku ile na kila siku, mpaka wakaondoka wote, ndege na wazungu, na pamba sikuigusa tena.